Nenda, Lakini Usiimbe

Katika kijiji kizima cha Bisibo, mtu wa mwisho kusikia kwamba Kaneza amechaguliwa kwenda Nyamirembe alikuwa mama mkwe wake, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Watu walimwogopa bibi yule. Kwaya ilimchagua Kaneza Jumapili baada ya misa, wakampigia makofi, wakatawanyika kwenda kula, na kila aliyepita mbele ya nyumba ya Restituta alitupa shikamoo yake kwa mbali akaongeza mwendo. Siku mbili zikapita. Ndipo Gervasi, katekista, alipojikaza kiume akaja na kofia mkononi kueleza habari. Kiangazi hiki, alisema, huko Nyamirembe ukingoni mwa ziwa kutakuwa na kambi ya walimu wa kwaya, watu wazima watupu, majuma mawili, wafundishwe noti na kupanga sauti nne. Atakayefaulu ndiye atakayekabidhiwa kwaya ya Bisibo moja kwa moja.

Restituta alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kama amesahau kwamba katika nyumba hii hakuimbwi.

Hakuwa amesahau. Nani angesahau? Niyongabo, mwana pekee wa Restituta, aliletwa Bisibo kutoka Burundi akiwa mtoto wa miaka kumi, mwaka ule wa 1972 Warundi walipokimbia mara ya kwanza. Akakulia hapa, akalima hapa, akamwoa Kaneza hapa, wakamzaa Aline. Mwaka 1993 ilisemekana kwamba kule Burundi sasa ni kwema, wakimbizi wa zamani warudi waone mashamba ya baba zao. Niyongabo akaondoka mwezi wa tisa, akisema atakuwa amerejea kabla maharage hayajaota. Mwezi wa kumi nchi ikalipuka. Watu wakavuka kwa maelfu kuingia Ngara, makambi yakafunika vilima, na Niyongabo hakuonekana miongoni mwao.

Sasa, kwa desturi ya kwao, mtu akifa nyumba yake haiimbi, haichezi wala haipigi ngoma mpaka mwaka uzunguke na ifanyike siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa kilio. Lakini Niyongabo alikuwa amekufa? Hakuna aliyejua. Restituta akatunga sheria yake mwenyewe. Mwanangu hajafa, alisema, kwa hiyo hatulii. Mwanangu hayupo, kwa hiyo hatuimbi. Majirani walijaribu kumwelewesha kwamba mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Akawauliza ni nani kati yao aliyemzaa Niyongabo, wakarudi makwao.

Aliyeumia ni Kaneza. Mwalimu wa zamani wa kwaya alikuwa amehamia Mwanza, na watu wote walimtegemea yeye. Angewafundishaje bila kuimba? Akabuni njia. Alimwita mwimbaji mmoja mmoja pembeni, akamwekea mdomo sikioni, akamnong'onezea wimbo kwa pumzi tu, tena na tena, huku kidole chake kikipanda na kushuka hewani. Kunong'ona si kuimba. Hata Restituta alikubali hivyo, kwa shingo upande. Wimbo mmoja ulikula mwezi mzima. Na kwa kuwa walijifunza hivyo, kwaya ya Bisibo ilizoea kuanza kila wimbo chini kabisa, hata watu wa kijiji jirani cha Nyamahanga wakawa wanawacheka kwamba wanaimba kama watu wanaoiba ndizi. Kaneza alicheka pamoja nao. Nyumbani alijifunika shuka akalia.

Gervasi, akiona mambo yanamwendea kombo, alitupa karata yake ya mwisho. Alisema kambini Nyamirembe watakuja pia walimu wa kwaya kutoka makambi ya wakimbizi ya Ngara, Warundi waliovuka juzijuzi. Mikono ya Restituta ilisimama kwenye ungo. Akauliza kama watakuwepo watu wa Muyinga, kule alikokwenda mwanawe. Gervasi hakuwa na habari yoyote kuhusu Muyinga, lakini alisema ndiyo, watakuwepo wengi. Mungu amsamehe katekista huyo.

Asubuhi yake Restituta alimwita mkwewe.

"Nenda," alisema. "Lakini usiimbe. Nenda na masikio yako, na mdomo wa kumuulizia mume wako. Basi."

"Ndiyo, Mama," alisema Kaneza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alikubali sharti la kipuuzi namna ile, mwanamke mzima wa miaka thelathini na ushei. Alikubali kwa sababu aliitaka ile kambi kuliko kitu chochote tangu mumewe aondoke, na aliona heri aipate nusu kuliko kuikosa yote.

*

Lori la misheni lilikuwa litoke Ngara na walimu wa makambini, lipitie Nyakanazi kuwachukua wa upande wa Kibondo, ndipo ligeuze kwenda Biharamulo na ziwani. Kaneza alifika Nyakanazi mapema, na mfuko wa maharage kichwani, ambao ndio mchango wake wa chakula, akasimama karibu na mama mmoja muuza chai. Njia panda ilikuwa imejaa malori ya mahindi ya msaada, madereva wakinyoosha miguu, wasichana wa nyumba za wageni wakianika mashuka. Siku zile kila mtu aliyesimama na mzigo Nyakanazi alionekana mkimbizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Mgambo mmoja, kijana mwenye fimbo, alimjia akataka kujua anatoka kambi gani na nani kamruhusu. Kaneza alisema anatoka Bisibo. Alisema ni mwalimu wa kwaya, anakwenda masomoni. Kijana alicheka, akawageukia madereva ili nao wacheke. Alisema leo wakimbizi wamekuwa wajanja. Jana mmoja alisema ni fundi cherehani, leo huyu ni mwalimu wa kwaya.

"Haya basi, mwalimu," alisema. "Imba tusikie."

Madereva waligeuka. Mmoja alizima redio yake ili asikie vizuri. Kaneza alisimama na mfuko wake kichwani, mdomo umefungwa. Ubeti mmoja tu ungemwokoa. Alikuwa na nyimbo mia kifuani, na Restituta alikuwa mbali sana, asingejua kamwe. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi.

"Mnaona," alisema kijana, akamwamuru ashushe mfuko. Akautia fimbo ndani kukoroga maharage, yakamwagika. Kaneza alipiga magoti akawa anayaokota mavumbini, moja moja, mbele ya watu wote wale.

Mama muuza chai ndiye aliyemaliza maneno. Alimwambia yule kijana kwamba huyu ni mke wa Niyongabo wa Bisibo, mtu aliyekuwa akimletea yeye ndizi za kununua miaka na miaka, na kwamba kama yeye mgambo hana kazi aje asonge ugali. Madereva wakamcheka yeye sasa. Kijana akaenda zake, akijifanya ameona kitu upande wa pili wa barabara. Mama muuza chai akainama kusaidia kuokota, na wala hakuuliza kwa nini mwalimu wa kwaya ameshindwa kuimba.

*

Nyamirembe walilala katika madarasa ya shule iliyofungwa kwa likizo, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Walikuwa watu wapatao sitini: walimu, wakulima, nesi mmoja, fundi baiskeli, mababu wawili waliokuja na madebe ya sabuni ya kukalia. Upepo wa ziwa uliingia madirishani usiku na mchana pamoja na harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani. Kaneza hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alipoyaona alisahau maharage na mgambo kwa muda.

Aliyewafundisha aliitwa Ansbert, Mhaya mwembamba aliyebeba kinanda chake mwenyewe mgongoni, asiyependa mchezo. Asubuhi ya kwanza alimsimamisha kila mtu aimbe ngazi ya noti, do hadi do, ili ajue sauti yake. Zamu ya Kaneza ilipofika, alisimama akasema ana ahadi nyumbani ya kutoimba. Ansbert alidhani ni mgonjwa. Kisha alidhani ana haya. Alipoelewa kwamba ni ahadi kweli, na kwamba aliyepewa ahadi ni mama mkwe, alivua miwani akaifuta.

"Mama," alisema, "hii ni kambi ya muziki."

Watu walicheka mpaka mababu wakashikilia madebe yao. Kaneza alikaa chini. Kuanzia siku hiyo alikaa nyuma, na makundi ya sauti yalipogawanywa hakuwa na kundi, basi akawa anakwenda kuwasaidia wapishi. Mtu akimtafuta aliambiwa yuko sufuriani. Hata hivyo hakuna alichokosa. Jikoni palikuwa hatua chache tu kutoka darasani, na alikoroga ugali kwa kufuata mapigo. Ansbert alipoanza kufundisha ishara za mkono, kila noti na umbo lake la vidole, Kaneza alizishika kuliko wengi, kwa sababu mkono haukukatazwa. Jioni moja sauti nne ziliunganishwa kwa mara ya kwanza, watu sitini wakiimba wakielekea majini, na yeye akiwa amesimama na mwiko. Alizifuata sauti zote kwa mwiko, mdomo umefungwa. Lakini alifurahi, tena alifurahi sana, na hakuona sababu ya kuficha kwamba alifurahi.

Wakati huohuo alifanya kazi aliyotumwa. Aliwauliza wote wa kutoka makambi ya Ngara, mmoja baada ya mwingine, kama waliwahi kumsikia Niyongabo, aliyetoka Bisibo kwenda Muyinga. Wote walitikisa kichwa. Alibaki mmoja tu, Bukuru, mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ya chini kuliko wote, na huyo kila Kaneza aliposogea aliondoka. Kama wako kwenye foleni ya chakula, aliacha foleni. Kaneza alidhani anamdharau kwa ajili ya ule ububu wake.

Jumapili ya katikati, watu wakiwa wamepumzika, Kaneza alikuwa akisugua masufuria ufukoni. Bukuru alikuja akachuchumaa kando yake. Alichukua sufuria, akachota mchanga, akaanza kusugua pia. Wakasugua muda mrefu kabla hajasema.

"Siku ya kwanza ulisema unatoka Bisibo," alisema, kwa Kirundi cha kwao. "Tangu siku hiyo silali."

"Unamjua."

"Sisi tulimwita Mtanzania. Kirundi chake kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili, watoto walikuwa wanamfuata ili wamsikie akizungumza. Alipima shamba la baba yake kwa hatua, akasema hapa mke wangu atapanda hiki, pale kile." Alichota mchanga mwingine. "Walikuja siku ya tatu ya vurugu. Sisi tulikuwa tumejificha bondeni. Yeye hakujua bonde liko wapi, alikuwa mgeni."

Kaneza aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Nilimzika mimi na ndugu zangu wawili. Katika migomba ya baba yake. Tuliweka jiwe. Nimekuwa nikijiuliza hiyo Bisibo iko wapi, na mkimbizi hatoki kambini. Nilipokusikia nikaogopa. Unisamehe."

Kaneza alilia pale pale, mikono imejaa masizi. Bukuru alikaa naye mpaka alipomaliza.

*

Siku ya kufunga kambi kila mtu aliongoza wimbo mmoja mbele ya wenzake. Kaneza hakuongoza. Ansbert alimwita kando, akamwambia bila kuzunguka kwamba amejifunza kuliko wengi walioimba kutwa, lakini hawezi kumpitisha mwalimu ambaye hakuna aliyemsikia. Mwezi wa kumi na moja atazunguka vigango vyote. Atafika Bisibo. Kama siku hiyo Kaneza atasimama mbele ya kwaya yake na kuongoza kwa sauti, atampitisha. Kama hataweza, kwaya itapewa mwingine, na hilo si kwa ubaya.

Njia nzima, juu ya lori, Kaneza alilizungusha jambo hilo kichwani. Akimwambia Restituta ukweli, kilio kitaanza leo, na kuanzia leo ni mwaka mzima wa kutoimba; mwezi wa kumi na moja utamkuta kimya, na kwaya itakwenda. Akificha, sheria ya zamani itabaki vilevile, hajafa wala hayupo, na kwaya itakwenda pia. Huku ukuta, huku ukuta. Tofauti ilikuwa moja tu: akificha, bibi yule angeendelea kutazama barabara kila jioni. Hilo Kaneza hakuliweza.

Alimkuta Restituta uani akipukuchua maharage. Alimsalimia, akaketi kwenye majani, akamweleza yote, bonde na migomba na jiwe. Restituta aliendelea kupukuchua.

"Nani alimfumba macho?" aliuliza.

"Huyo Bukuru, Mama."

"Mkono wa mtu wa kwetu."

"Ndiyo, Mama. Wa kwetu."

Ndipo Restituta alipoweka ungo chini, akajilaza kifudifudi juu ya maganda, na sauti iliyomtoka iliwafikisha majirani kabla hawajaitwa. Aline alitoka kisimani akakuta uani pamejaa watu. Moto wa kilio uliwashwa, watu wakalala nje, wanawake wakaleta uji. Hata wale wa Nyamahanga walikuja, wakakaa kimya kama inavyotakiwa, na safari hii hawakumtania mtu.

*

Siku za moto zilipokwisha, Gervasi alikuja tena na kofia yake. Kaneza alimpokea mlangoni, akamwambia amtafute mtu mwingine wa kuwaongoza siku Ansbert atakapokuja, kwa kuwa yeye yuko katika mwaka wake. Alisema bila kinyongo. Gervasi alikuwa anakubali kwa huzuni pale sauti ilipotoka ndani ya nyumba, ikiuliza mwaka gani.

Restituta alitoka akijishikilia kwenye nguzo. Katika siku zile chache alikuwa amekonda sana, lakini macho yake yalikuwa yaleyale.

"Nauliza, mwaka gani?"

"Mwaka wa kilio, Mama," alisema Kaneza.

"Desturi ni mwaka mmoja. Mwanangu amekufa mwaka wa tisini na tatu. Tangu hapo nani ameimba katika nyumba hii? Nani amecheza? Nimewanyima harusi, nimewanyima hata Krismasi. Huyu nimemtuma mpaka ziwani na mdomo umefungwa." Aliketi kizingitini. "Mimi nilijua. Mama hujua. Niliogopa kulitamka tu. Nikaomboleza kwa njia ya wizi, nikawaombolezesha na ninyi. Mwaka umekwisha kupita, na mwingine juu yake. Tunangoja nini tena?"

Gervasi, ambaye hakujua kunyamaza inapofaa, alisema kwamba kilio huondolewa na mkubwa wa ukoo, mwanamume, na hapa Bisibo hakuna.

"Mkubwa wa ukoo huu hapa ni nani, kama si mimi?" alisema Restituta. "Au unataka tuwafufue?"

Pombe ya ndizi ikaiva. Siku ya kuganduka ilipofika, Restituta, Kaneza na Aline walinyolewa nywele, wakashika majembe, wakalima kipande kidogo nyuma ya nyumba kuonyesha kwamba kazi na maisha vinaendelea. Kisha wakarudi uani kwa watu. Restituta alimimina pombe kidogo chini kwa ajili ya mwanawe, akanywa yeye, akampa Kaneza mrija. Kwaya yote ilikuwepo, imesimama kando ya ua bila kujua iweke wapi mikono.

"Anza," Restituta alimwambia mkwewe.

Kaneza alisimama. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kikakatika katikati. Miaka miwili ya kunong'ona ilikuwa imelikausha koo. Alijaribu tena, ikatoka mbaya kuliko ya kwanza. Watu waliangalia chini. Aline alifunika uso kwa viganja. Kaneza alimwona mama mkwe wake akiinuka kutoka kwenye mkeka, polepole, akamsogelea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Nilikusikia shambani kwa baba yako, ukivuna mtama," alisema Restituta. "Nilikuwa napita tu. Nikasimama njiani mpaka nikachelewa sokoni. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwanangu, nimekuonea mke, hata uso wake sijauona. Sauti niliyomwozea mwanangu siyo hii. Itoe ile."

Kaneza alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni, na kicheko kilimfungua kifua. Akainua mkono wake, vidole vikashika umbo la noti ya kwanza, akaanza upya. Safari hii walimsikia mpaka barabarani.